Sitara na Ushahidi: Mawaidha juu ya Kesi ya Mume wa Astana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuyajua yaliyo vifuani na yaliyo nyuma ya milango. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Mwaka wa 2024, tangu mwisho wa mwezi wa Machi hata kati ya Mei, watu wa Kazakistani walishughulika na kesi moja kuliko khabari nyingine yoyote. Nchi hiyo iko katikati ya Asia, na wengi wa watu wake ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa. Kesi yenyewe ilisikizwa katika mji wao mkuu, Astana, na mahakama ikatoa ruhusa mambo yote yaonyeshwe kwa intaneti saa ile ile yanaposemwa. Basi kila mwenye simu mkononi alikuwa kama aliyeketi mbele ya hakimu, akiwaona mashahidi kwa macho yake na kuwasikia kwa masikio yake.

Mshitakiwa hakuwa mtu duni. Alikuwa Kuandyk Bishimbayev, waziri wa uchumi wa nchi hiyo katika mwaka wa 2016. Mwaka wa 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kula rushwa, na mwaka wa 2019 akafunguliwa. (Ndiyo ada ya dunia: mwenye cheo hutoka mapema, na mwizi wa kuku humaliza siku zake zote.) Aliyekufa ni mkewe, Saltanat Nukenova, mwanamke wa miaka 31. Alifia katika chumba cha faragha cha mkahawa mmoja wa mji huo, mwezi wa Novemba 2023. Na mkahawa wenyewe ulikuwa wa jamaa za mumewe.

Yaliyothibiti mbele ya mahakama ni haya. Kamera za mkahawa zilionyesha mume akimburura mkewe kwa nywele, akimpiga ngumi na mateke. Haikuwa hasira ya mara moja iliyopanda ikashuka. Mateso yalikwenda yakirudi kwa muda wa saa nyingi. Madaktari walieleza majeraha ya kichwa na ubongo, na mfupa wa pua uliovunjika, na michubuko ya uso na mikono. Na yule mwanamke alipokuwa amelala hana fahamu, mumewe hakumwita tabibu. Alimpigia simu mpiga ramli, naye akamtuliza kwamba mkewe atakuwa salama. Gari la wagonjwa lilipofika hatimaye, roho ilikwisha toka.

Hapa pana la kusimamia kidogo. Mtu aliyesoma, aliyepata kushika mambo ya mali ya nchi nzima, anaacha tabibu aliye karibu na kutafuta ghaibu kwa mwenye kudai kuijua. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameonya kwamba mwenye kumwendea mtabiri na kumuuliza, sala yake haikubaliwi masiku arubaini. Watu hudhani onyo hilo ni la wajinga wa mashamba. Na pwani hii nayo wako wenye vilemba safi ambao mtoto akishikwa na homa hupita mlango wa hospitali wakaenda kwa mwenye bao. Ramli haikumuua yule mwanamke, illa ilimnyima saa ambazo huenda zingalimwokoa.

Mume alikiri kwamba alipiga, akakana kwamba alikusudia kuua. Alidai kwamba mauti yametokana na kuanguka. Udhuru huu hausemwi Astana peke yake. Husemwa kila mahali ambapo mkono wa mwanamume umezidi: alitaka kutia adabu tu, shetani akapita, mambo yakamtoka. Na wasikilizaji wengi huuona kuwa udhuru mzito, kwa sababu kila mmoja huijua hasira yake mwenyewe.

Walakini vitabu vya fikihi vilikwisha uchungua udhuru huu zamani. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, nia ya mwuaji haitafutwi katika maneno yake peke yake, kwani nia imo ndani na mdomo hauna mfupa. Hutazamwa kitendo: je, kitendo kama hicho kwa desturi huua? Mwenye kumpiga mtu kwa fimbo nyepesi, pigo moja, mahali pasipo pa khatari, akafa, huyo ana hukumu ya aliyekusudia kupiga asikusudie kuua, na dia yake ni nzito. Ama mwenye kuyafuatisha mapigo moja juu ya jingine hata mtu akafa, au akampiga aliye dhaifu pigo ambalo mfano wake haulistahimili, huyo amehesabiwa kuwa mwenye kuua kwa kusudi, ingawa mkononi hana kisu. Imamu Abu Hanifa ana kauli nyingine juu ya chombo cha kuulia, na wanafunzi wake wawili wakubwa wamekhitilafiana naye. Lakini hapana imamu aliyesema kwamba mwenye kupiga hivyo hana dhambi kwa sababu mpigwaji alikuwa mkewe.

Na hilo la mwisho ndilo lililofichika nyuma ya kesi nzima. Watetezi wa mshitakiwa walijaribu kumwonyesha marehemu kuwa mtu wa wivu na mwenye kuanza ugomvi, ingawa katika picha zilizoonyeshwa mahakamani hakuonekana akimshambulia mumewe. Tena si watetezi tu, ambao kazi yao ni kutetea. Kesi kama hii ikitajwa barazani, kabla kahawa haijapoa, atatokea mmoja aulize: na mwanamke naye alifanya nini? Swali hili halimuulizii aliyeibiwa duka, wala aliyechomewa mashua. Huulizwa juu ya mke peke yake, kana kwamba kuna kosa ambalo mke akilifanya damu yake huwa halali kwa mumewe. Hasha! Hata mwanamke ambaye kosa lake limethibiti kwa mashahidi, hukumu yake iko kwa kadhi, haiko katika ngumi ya mume.

Ni kweli kwamba dini imekataza dhana mbaya na kusengenya, na Sura ya Al-Hujurat imefananisha kusengenya na kula nyama ya maiti. Kwa hiyo Mwislamu anayesikia kwamba fulani ameshitakiwa hana ruhusa ya kumwita mwuaji mpaka ushahidi usimame; kuleta ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Wako waliokwisha toa hukumu Astana siku ya kwanza, na huo ulikuwa mwendo mbaya hata kama mwisho wake uliafikiana na haki. Lakini ushahidi ukisimama, kunyamaza hakuitwi tena uchaji. Na maiti anayeliwa nyama yake baada ya hapo ni yule aliyekufa, maana hawezi kujibu.

Mshitakiwa wa pili katika kesi ile alikuwa jamaa wa mume, naye ndiye msimamizi wa mkahawa. Alipatikana na hatia ya kuficha jinai, akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Huyu hakumgusa mwanamke hata kwa kidole. Alifanya lile ambalo wengi hulihesabu kuwa ni wema kwa jamaa: alimfichia ndugu yake. Na laiti angaliulizwa wakati ule, pengine angalijibu kwamba ni sitara.

Neno hili sitara ni tamu, na ndilo linalotaka kuzingatiwa sana na watu wa pwani, kwani hapana watu wanaolipenda kuliko wao. Mtoto hufundishwa mapema kwamba ya nyumbani hayatoki nje. Binti huolewa, na usiku wa kuamkia harusi huambiwa na mama na somo yake kwamba nyumba ni kufichiana. Hayo ni mazuri, na hadithi sahihi zimemwahidi mwenye kumsitiri Mwislamu kwamba Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Lakini maulamaa wamebainisha hiyo sitara ni ya nini. Ni ya aibu iliyopita, dhambi baina ya mtu na Mola wake, ambayo haimdhulumu mwingine. Ama dhuluma inayoendelea, ambayo mwenye kudhulumiwa bado yumo chini ya mkono wa mwenye kudhulumu, kuifunika ni kumsaidia dhalimu. Mtume ameamrisha ndugu asaidiwe, akiwa dhalimu au mdhulumiwa. Alipoulizwa dhalimu husaidiwa vipi, akaeleza kwamba ni kwa kuzuiliwa na dhuluma yake. Na Sura ya An-Nisaa imewaamrisha waumini wasimamishe ushahidi wa haki hata juu ya nafsi zao, na wazazi, na jamaa. Msimamizi wa mkahawa alikuwa jamaa. Aya ilimkhusu yeye khasa.

Wala hakuwa yeye peke yake aliyefunga mlango. Katika mwaka wa 2017 sheria ya nchi ile ilikuwa imeliondoa kosa la kumpiga mtu wa nyumbani katika daraja ya jinai, likawa kosa dogo la faini au kuwekwa siku chache. Uchunguzi mmoja wa mwaka wa 2018 uliosaidiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake ulikadiria kwamba wanawake kama 400 hufa huko kila mwaka kwa kupigwa majumbani. Mia nne, na majina yao hayakusomwa katika mahakama yoyote iliyotazamwa na ulimwengu! Mmoja tu ndiye aliyejulikana, kwa kuwa mumewe alikuwa waziri na ukuta ulikuwa na kamera. Watu zaidi ya 150,000 walitia saini kutaka sheria ibadilishwe, na tarehe 15 Aprili 2024, kesi ikiendelea, rais wa nchi, Kassym-Jomart Tokayev, akaitia saini sheria mpya iliyokirudisha kipigo cha nyumbani katika jinai. Hukumu ya mume ikatoka tarehe 13 Mei: kifungo cha miaka 24. Adhabu ya kifo ilikuwa imekwisha futwa katika nchi hiyo.

Akisema msemaji: Je, Qur'ani yenyewe haikutaja kupiga, katika hiyo hiyo Sura ya An-Nisaa? Ajibiwe: imetaja, baada ya mawaidha na baada ya kutengana malazi, kwa mke aliyedhihirisha uasi, na Mtume aliyeteremshiwa aya hiyo ndiye aliyeifasiri. Akakataza kupigwa uso. Akashurutisha pigo lisiwe la kuumiza, hata Ibn Abbas akaulizwa juu yake akataja mswaki na mfano wa mswaki. Ata bin Abi Rabah, mwanachuoni wa Makka katika Tabiina, alisema kwamba mume hampigi mkewe, bali humkasirikia. Na Bibi Aisha amepokea kwamba Mtume hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake, wala mtumishi. Basi mwenye kuishika aya kwa mkono mmoja na kuwaacha Mtume, na Ibn Abbas, na Ata kwa mkono wa pili, na ajitazame anachokitafuta katika aya ile: hukumu ya Mola wake au ruhusa ya hasira yake?

Imepokewa pia kwamba wanaume wa Madina walipopewa rukhsa kidogo katika jambo hili, wanawake wengi waliizunguka nyumba ya Mtume wakiwashitaki waume zao. Wazingatie wenye kusema kwamba mke mwema hatoi ya ndani. Hao walikuwa wake wa Sahaba, na waliyatoa ya ndani, wakayapeleka mahali bora kuliko pote palipokuwapo. Mtume hakuwarudisha kwa kuwaambia wavumilie, wala hakuwauliza walifanya nini. Aliwatangazia watu habari ya wanawake hao, akasema kwamba waume wenye kushitakiwa hivyo si wabora wao.

Na mafakihi wa madhehebu ya Shafi, katika mlango wa mume na mke wanaoshitakiana, wameandika jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Mume akimdhulumu mkewe, kadhi humzuia. Na kila mmoja akidai kwamba mwenziwe ndiye dhalimu, na kweli haijulikani, kadhi hamwambii mke arudi akastiri. Huchagua mtu mwaminifu aliye jirani yao, awachungue na amletee khabari. Na ikiwa hawana jirani wa namna hiyo, huamrisha wahamishwe wakakae ubavuni mwa mtu mwaminifu, ili pawe na sikio karibu na ukuta wao. Halafu baada ya hapo ndipo hutumwa waamuzi wawili, mmoja wa watu wa mume na mmoja wa watu wa mke. Katika mkahawa wa Astana sikio lilikuwapo, nalo lilikuwa la jamaa.