Ukiulizwa Habari za Kwenu



Leo tukae kidogo na swali moja linaloanzia mbali. Tangu mwaka 1983, mabunge ya Marekani na Ujerumani yanadhamini mpango wa kubadilishana vijana. Wamarekani wanaochaguliwa wanaishi Ujerumani karibu mwaka mzima, ndani ya familia za huko, na wengi wao wanaingia darasani na wenyeji. Na shuleni, mapema au baadaye, mwalimu atasema: hebu tuelezeni utamaduni wa kwenu.

Basi wanajiandaa. Wanaleta siagi ya karanga, wanaoka pai ya maboga, wanaeleza Siku ya Shukrani: Alhamisi ya nne ya Novemba, jamaa wote mezani, bata mzinga katikati. Wanasimulia mavuno ya 1621 kule Plymouth, walowezi na watu wa kabila la Wampanoag wakila pamoja. Picha nzuri kweli. Halafu mkono unanyooka nyuma ya darasa: "Na hao Wampanoag, baadaye ikawaje?"

Jibu ni chungu. Mwaka 1675 vita vilizuka kati yao na walowezi. Wengi walikufa, wengine wakauzwa utumwani. Na anayeuliza ni Mjerumani, ambaye shuleni amefundishwa habari za mauaji ya Wayahudi. Huenda kila asubuhi anapita kwenye vile vibao vidogo vya shaba vilivyopachikwa njiani, mbele ya nyumba walimoishi watu waliouawa na Wanazi, kila kimoja na jina la mtu. Haulizi kwa kejeli. Kwake, habari za kwenu bila hayo ni nusu.

Sasa ujibu nini? Amri ya nne inatutaka tuwaheshimu wazazi, na Kanisa linaifikisha heshima hiyo hadi kwa nchi iliyotulea. Amri ya nane inadai ukweli. Kukwepa swali ni vibaya, hilo halina mjadala. Mimi kishawishi kikubwa zaidi nakiona upande wa pili. Kuna kijana atakayesema haraka, "Sisi Wamarekani ni watu wabaya sana," na darasa litamwona mnyenyekevu. Lakini msikilize vizuri. Anasema "sisi" na anamaanisha "wao". Yaani anaungama dhambi za mababu ili yeye atoke msafi. (Nami nimewahi kuwasema hivyo watu wa kwetu mbele ya wageni, nakiri. Nilipigiwa makofi.)

Kwenye kitubio mambo hayaendi hivyo. Ukianza kumweleza padre makosa ya jirani, atakurudisha: na wewe je? Nabii Ezekieli naye, sura ya 18, anakataa mwana abebeshwe hatia ya baba. Mbona basi Machi 12, 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha wa Mungu kwa makosa ya wana wa Kanisa wa karne zilizopita, mambo ambayo yeye hakuyatenda? Nadhani aliomba kama mtu wa nyumbani. Hakusimama mlangoni akiwaonyeshea kidole waliomo ndani.

Kwa hiyo kijana wetu asiiondoe pai mezani. Aeleze bibi yake huipikaje, kisha aeleze ya 1675 kwa sauti ileile.

Na muda ukibaki, ipo habari inayozigusa nchi zote mbili. Mwaka 1688, huko Germantown, Pennsylvania, wahamiaji wanne wa madhehebu ya Quaker, mmoja wao Francis Daniel Pastorius aliyezaliwa Ujerumani, walitia sahihi waraka wa kupinga utumwa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: wewe mwenyewe ungekubali kutendewa hivyo? Wakubwa wa madhehebu yao waliona jambo lenyewe ni zito mno, wakaliweka kando. Utumwa ukaendelea Marekani hadi 1865.

Hapo nadhani mkono mwingine utanyooka, na safari hii huenda ukawa wa Mmarekani.