Daftari na Imani

Wengine husema kupanga siku kwa daftari ni kukosa imani, wakitaja Yakobo 4. Mimi naona Yakobo aliwakemea wafanyabiashara kwa majivuno, si kwa kupanga. Katika Luka 14 Yesu mwenyewe anamtaja mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama.

Hapa Busia tunauziana kwa shilingi mbili, ya Kenya na ya Uganda, na mara nyingi ni kwa mkopo. Kichwa nacho kina ujanja: tunayemdai hatumsahau, anayetudai tunamsahau. Basi andika kwanza deni lako na siku uliyoahidi kulipa. Simu nayo ikukumbushe. Mama aliyekukopesha mahindi ng'ambo ana watoto wa kulisha. Kumwambia "Mungu atafungua njia" na hata jina lake hukuandika, hiyo si imani, ni dhuluma.