Dada, Nani Kakuambia Umechelewa?

Mwaka 1998, mjini Annecy, Ufaransa, binti wa Kikenya aitwaye Edna Kiplagat alishika nafasi ya tatu katika mita 3,000 kwenye mashindano ya dunia ya vijana. Miaka miwili kabla ya hapo, kule Sydney, alikuwa ameshatwaa medali ya fedha katika umbali huohuo, akiwa na miaka 16. Aliyekuwa akifuatilia riadha angesema bila kusita: huyu ndiye bingwa wa kesho kutwa. Kesho kutwa ikafika, ikapita. Ikaja nyingine, nayo ikapita. Ushindi wake mkubwa wa kwanza katika marathoni ulikuja Machi 2010, huko Los Angeles. Alikuwa na miaka 30.

Irudie hesabu hiyo taratibu. Toka Annecy hadi Los Angeles ni miaka 12. Huo ni muda wa kutosha kwa mwanariadha kuibuka, kung'ara, kuchoka na kutundika viatu. Yeye aliolewa, akazaa, akafanya kazi ya polisi, na siku zote hizo akaendelea kukimbia. Novemba ya mwaka huohuo 2010 akashinda New York pia, mbele ya Shalane Flanagan wa Marekani na Mkenya mwenzake Mary Keitany. Waliokuwa wamelisahau jina lake ikabidi walitafute upya kwenye kumbukumbu zao.

Nakuandikia wewe uliyeambiwa kwamba muda wako umekwisha. Pengine uko Iten, au Mbulu, au Kapchorwa, unakimbia kila alfajiri na hakuna wakala aliyewahi kukuuliza jina. Pengine umejifungua, na ulipotaka kurudi mazoezini ukakuta nafasi yako klabuni ina mwenyewe mwingine. Pengine hukimbii kabisa, lakini una biashara, masomo au kazi uliyoianza na kuikatisha, na kila ukitaka kuirudia unasikia sauti ya shangazi ikikuhesabia miaka. Maisha ya Edna Kiplagat ni jibu kwa sauti hiyo, na ni jibu lenye tarehe na muda uliopimwa kwa saa. Hakuna awezaye kulikanusha.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na kwa kasi ya mashindano akiba hiyo huanza kukauka mahali fulani baada ya kilomita ya 30. Wakimbiaji husema wamegonga ukuta. Miguu iliyokuwa ikiitikia sasa inagoma, na mtu aliyeongoza kwa saa nzima anapitwa na watu ambao hata hakuwaona nyuma yake. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ustadi wa marathoni ni kujizuia: kujua kwamba una nguvu za kwenda, na usiende. Huo ni ustadi wa mtu mzima. Msichana wa miaka 18 anaweza kuwa na mapafu bora kuliko yako, lakini utulivu huo hanao bado, kwa sababu hakuna kocha awezaye kumpa kwa msimu mmoja.

Tazama marathoni ya London. Mwaka 2011 Edna alivuka mstari akiwa wa tatu. Mwaka 2012 akarudi na kukimbia kwa saa 2:19:50, muda bora kuliko wote aliowahi kuukimbia maishani mwake, na bado Keitany alikuwa mbele yake. Fikiria hilo kidogo: siku unayofanya vizuri kuliko siku zote za maisha yako, unapata nafasi ya pili. Miezi michache baadaye alirudi katika jiji hilohilo kwa Michezo ya Olimpiki na kumaliza mbali kabisa na medali. Mwaka 2013 akaja tena, akawa wa pili tena, safari hii nyuma ya Priscah Jeptoo. Mwaka 2014 akashinda kwa saa 2:20:21, akimwacha Florence Kiplagat (jina lao moja, ila si ndugu) kwa sekunde tatu tu, na wa tatu akiwa Tirunesh Dibaba wa Ethiopia, bingwa mara tatu wa Olimpiki uwanjani.

Sekunde tatu, katika mwaka wa nne. Mtu aliyekata tamaa mwaka wa pili hazipati sekunde hizo. Wala hazipati aliyekata tamaa wa tatu.

Mashabiki hupenda zaidi kusimulia Daegu, Korea Kusini, Agosti 2011. Ni kisa kizuri kweli. Katika mashindano ya dunia, mbio zikielekea ukingoni, Edna alijikwaa penye meza ya maji baada ya kugongana na Sharon Cherop, akaanguka chini. Cherop, badala ya kuitumia nafasi hiyo kukimbia zake, akasimama kumjali mwenzake. Edna akainuka, akaendelea, akashinda kwa saa 2:28:43. Jeptoo akawa wa pili, Cherop wa tatu, na siku hiyohiyo wanawake wa Kenya wakazoa pia medali zote tatu za mita 10,000. Ni siku ambayo Afrika Mashariki nzima ina haki ya kujivunia.

Lakini mimi naiona Moscow, Agosti 2013, kuwa ndiyo kubwa zaidi. Kuinuka baada ya kuanguka kunahitaji moyo, na moyo huo wengi wanao. Moscow ilidai kitu kigumu zaidi. Mbio zilianza saa nane mchana kwenye joto la kiangazi. Valeria Straneo wa Italia alishika uongozi mapema na akakataa kuuachia, kilomita baada ya kilomita, huku kundi likipukutika nyuma yake. Edna alikaa mgongoni kwake. Ukumbuke huyu alikuwa bingwa mtetezi, macho yote yalikuwa kwake, na mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshindwa vibaya Olimpiki. Kila sababu ya kutaka kuonyesha ubabe mapema alikuwa nayo. Hakuonyesha. Alingoja mpaka karibu na kilomita ya 40, ndipo akaondoka. Straneo hakuwa na la kujibu. Edna akamaliza kwa 2:25:44, sekunde 14 mbele, na akawa mwanamke wa kwanza kulitetea taji la dunia la marathoni. Alikuwa na miaka 33, na mama wa watoto nyumbani.

Sasa hapo kwenye watoto tusipite haraka, kwa maana ndipo vipaji vingi vya wanawake wetu vinapozikwa.

Mazoezi ya marathoni hayana huruma na saa za nyumbani. Kule Iten, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, watu hutoka kungali giza. Siku ya mbio ndefu ni kilomita 30 na zaidi juu ya barabara za vumbi jekundu, kupanda na kushuka. Mwanamume akirudi hulala, na kulala kwenyewe ni sehemu ya mazoezi, kwa kuwa misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Mwanamke akirudi hukuta jiko linamsubiri, maji yanamsubiri, mtoto analia. Wawili hawa wakipangwa kwenye mstari mmoja, mmoja amelala kwa saa tatu mchana na mwingine amefua, kisha watu husema huyu wa pili hana kipaji.

Edna alikuwa na mume, Gilbert Koech, ambaye naye amekimbia marathoni. Koech akawa kocha wake. Pamoja wamelea watoto waliowazaa na wengine waliowachukua kuwa wao. Ndugu yangu mwanamume unayesoma hapa, mkeo akikuambia ana jambo lake anataka kulisimamia, iwe ni mbio au diploma au duka, swali la kwanza lisiwe "watoto watakula nini?" Unajua kupika ugali. Upike. Medali za dunia zilizoingia katika nyumba ile ziliingia kwa mlango huo.

Kuna jambo jingine ambalo haliandikwi kwenye makala nyingi za kutia moyo, nami nisingependa kulificha, kwa sababu msichana anayeingia leo katika mbio za fedha atakutana nalo kabla hajakutana na medali. Ni dawa zilizopigwa marufuku. Edna ameporwa na walaghai si mara moja. London 2011, mmoja wa wawili waliomaliza mbele yake alikuwa Liliya Shobukhova wa Urusi, ambaye matokeo yake yalifutwa baadaye kwa makosa hayo. Katika mfululizo wa marathoni kubwa za dunia wa 2013 na 2014 aliyeongoza alikuwa Mkenya mwenzake Rita Jeptoo. Rita huyu (si Priscah) akakutwa na dawa ya EPO, taji likaenda kwa Edna. Kisha Oktoba 2021, Boston, Diana Kipyokei alikata utepe mbele yake. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye Kipyokei alifutiwa ushindi na kufungiwa, na Edna akatambuliwa kuwa bingwa. Alikuwa amekimbia siku ile akiwa na miaka 41.

Ushindi wa Boston ukija kwa barua, zile shangwe za mtaani hazirudi. Utepe ulishakatwa na mtu mwingine, picha zilishachapwa magazetini, na watoto wako walishakuona ukiwa wa pili. Haya ni maumivu ya kweli na sitayapunguza kwa maneno matamu. Ila natazama upande wa pili wa hesabu: walaghai hao walifungiwa, na majina yao leo hutajwa kwa aibu. Yeye alibaki barabarani. Binti, mtu akikujia na sindano au kidonge na kukuambia kila mtu anatumia, mwambie unamjua mmoja ambaye ameshinda marathoni kubwa akiwa na miaka 30 na akatambuliwa bingwa tena kwa mbio za miaka 41. Kisha ondoka hapo, na umwambie kocha unayemwamini. Sindano ile ni mkopo wenye riba ambayo mwili wako na jina lako havitaweza kulipa.

Na kuhusu umri, sikiliza vizuri. Aprili 2017 alikwenda Boston kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Njia ya Boston ina vilima vya Newton, vinavyoanza pale ambapo miguu imeshachoka kwa kuteremka. Hapohapo ndipo alipoongeza kasi, akawatawanya wote, akashinda kwa 2:21:52, karibu dakika nzima mbele ya aliyemfuata. Miaka 37. Agosti ya mwaka huo akatwaa medali ya fedha katika mashindano ya dunia London. Septemba 2019, Doha, wanawake 68 walianza mbio usiku wa manane kwa sababu ya joto, na hata huo usiku ulikuwa wa moto na unyevu mzito. Ni 40 tu waliomaliza. Edna akawa wa nne. Nafasi ya nne haina medali, hivyo wengi hawaikumbuki, lakini mimi nikiulizwa mbio zipi zinamweleza zaidi, Doha haikosi. Wadogo zake kwa miaka kumi na zaidi walikuwa wakibebwa kwa machela, yeye anakimbia.

Aprili 2024 alirudi Boston. Hellen Obiri alishinda, Sharon Lokedi akamfuata. Wa tatu, sekunde 44 tu nyuma ya mshindi, alikuwa Edna Kiplagat, mwenye umri wa miaka 44.

Viongozi wa vyama vya riadha, walimu wa michezo, wenye kambi: orodha zenu za "wenye matumaini" zimejaa majina ya watoto wa shule, na hilo ni jema. Sasa fungueni ukurasa wa pili. Kila mwanamke aliyetoka kambini kwenda kujifungua aandikwe jina na tarehe, na mtu apewe kazi ya kumtembelea, kumuuliza hali na kumwambia lini atarejea. Kwenye mashindano ya mkoa na ya kaunti, wekeni mahali pa mama kumwachia mtoto akiwa salama. Gharama yake ni hema moja na walezi wawili. Majeshi, polisi na magereza mmewapa wanariadha wengi mshahara na muda wa mazoezi, na Edna ni mmoja wao. Mshahara huo usimkimbie mwanamke mwaka ule anaouhitaji kuliko yote.

Nawe dada, usingoje mpaka waanze wao. Chukua daftari leo jioni. Andika mwaka huu, chini yake mwaka ujao, kisha wa tatu, kisha wa nne, na mbele ya kila mmoja andika jambo moja tu unalotaka liwe limebadilika: umbali unaoumudu, muda wako wa kilomita kumi, mtihani utakaourudia, mtaji utakaoufikisha. Mwaka wa kwanza uandike kitu kidogo ambacho unaweza kukianza kabla ya Jumamosi. Mpelekee ukurasa huo mtu mmoja nyumbani kwako, umsomee kwa sauti, na umwambie ni siku zipi za wiki utamhitaji ashike mtoto.