Silaha ya Kwanza ya Kijana

Baba akaaye Kasokola, karibu na Mpanda, penye misitu ya miombo, akiombwa bastola na mwanawe ili ajifunze shabaha, ajibu nini? Swali hili ni la watu wa pwani pia.

Asili ya jambo hili si haramu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisifu kulenga shabaha. Na Imamu Shafii alikuwa hodari wa mishale. Lakini Mtume huyo huyo alikataza kumwelekezea nduguyo silaha, ijapokuwa kwa mzaha, na kukifanya chenye roho kuwa shabaha.

Basi na itazamwe mali ya yatima. Aweza kubalighi, wala asikabidhiwe mali yake mpaka ionekane rushdi, yaani busara ya kuitunza. Mali ikipotea huchumwa nyingine; roho haina badali. Je, silaha si aula kwa hadhari hiyo?

Kwa hiyo imfaayo kwanza ni upinde na gogo la mgomba, baba akiwa kando. Akighadhibika akauweka chini, rushdi imechomoza. Akimwelekezea mwenziwe kwa mchezo, bado. Na bastola haishikwi pasi na kibali, kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015.

Mkono hufundishika upesi. Moyo ndio wenye kungojewa. Wallahu aalam.