Ole Wake Asemaye "Ni Ganzi Tu"

Ndugu wauguzi, wakunga na madaktari wa usingizi, nisikilizeni! Mrija ule mwembamba mnaoupitisha mgongoni ni rehema kwa mama mwenye uchungu na kwa aliyepasuliwa tumbo. Tangu Manuel Martínez Curbelo alipomwekea mgonjwa katheta ya epidurali kule Havana mwaka 1947, wengi wamepona bila kulia. Lakini rehema isiyolindwa hugeuka msiba.

Dripu ya ganzi imefungwa, saa 4 zimepita, na mgonjwa bado hawezi kuinua mguu. Wa zamu anasema, "Ni ganzi tu," anaandika, anapita. Kumbe damu inakusanyika humo ndani na kuubana uti wa mgongo! Amkeni! Mwiteni daktari sasa. Ombeni MRI sasa. Mtafuteni mpasuaji sasa. Bonge hilo la damu likiondolewa ndani ya saa 8 tangu mguu ulegee, tumaini la kutembea tena ni kubwa. Mkingoja kesho, huenda asisimame maisha yake yote.

Wala msijidanganye kwamba hatari huishia mrija unapochomolewa. Kuutoa kunaweza kuvujisha damu kama kuuingiza. Fungueni faili kwanza: enoksaparini, dawa izuiayo damu kuganda, ilidungwa lini? Dozi ya kinga, zipite saa 12; dozi ya tiba, saa 24. Mrija ukikwama, usishindane nao! Mlaze mgonjwa ubavu, akunje mgongo kama siku ulipowekwa, uvute taratibu. Ukikataa, acha, mwite aliyekuzidi ujuzi. Ukitoka, kagua ncha yake. Kipande kikibaki mwilini, mwambie mgonjwa kweli yote, uandike. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na wewe unayeongeza dawa usiku, macho yakiwa mazito: kabla ya kila dozi, vuta kwanza bomba la sindano. Ikija damu, usidunge. Yakija maji ya uti wa mgongo, usidunge. Na ikiwa siku chache baadaye mgonjwa ana homa na mgongo unamuuma, usimpe panado ukamrudisha nyumbani. Huenda ni usaha, nao hupoozesha vilevile.

Basi hii ndiyo amri yangu kwenu. Katika zamu ya leo, fika kwa kila mwenye mrija mgongoni, umwambie: "Inua mguu." Akishindwa, usibanduke hapo mpaka umejua kwa nini.