Ugonjwa Haungoji Mavuno

Wengi wetu hapa Kihanga, na kote Karagwe na Kyerwa, twaijua fedha kwa majira yake. Kahawa ikivunwa, mfuko hujaa. Mavuno yakipita, mfuko hukauka. Lakini homa ya mtoto haina majira, wala uchungu wa mama mjamzito haungoji siku ya malipo ya chama.

Basi mtu asemaye, "Nitalipa taslimu siku nitakapougua," atumaini jambo asilo na mamlaka juu yake: kwamba ugonjwa utamkuta ana fedha. Usipomkuta nazo, atafanya nini? Wako wauzao kahawa ingali maua mitini. Hiyo ndiyo butura, ambayo Serikali imeipiga marufuku, lakini dhiki huirudisha. Mnunuzi hutoa bei aitakayo, kwa kuwa aiona shida ya muuzaji. Kwa hiyo gharama ya matibabu si ile tu iliyoandikwa katika stakabadhi. Ni pamoja na mavuno yaliyokwenda kwa bei ya kutupa, na ada ya shule iliyokosa kulipwa.

Hatusemi kwamba kulipa taslimu ni kosa. Mwenye nazo na alipe. Twasema tu kwamba fedha taslimu humdai mtu peke yake, tena siku ile alipo dhaifu. Bima hutuomba sote, siku tulizo wazima.

Wako wanung'unikao: "Nilitoa mchango, na mwaka mzima sikuugua; fedha yangu imepotea." Haikupotea, imemtibu jirani. Je, aliyebeba machela ya mwenziwe amepata hasara kwa kuwa yeye hakubebwa? Jirani zetu wa kusini-magharibi mwa Uganda wana vyama viitwavyo engozi, ambavyo wanachama wake walichukuana kwa machela hata hospitali. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya afya, iliijenga juu ya vyama hivyo: mabega yaliyombeba mgonjwa yakabeba na deni lake. Huo ndio upendo aliotufundisha Bwana wetu kwa mfano wa Msamaria, ambaye hakutosheka kufunga majeraha, bali alilipa na gharama za nyumba ya wageni.

Kwetu Tanzania njia ilikwisha funguliwa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, ukapewa sheria yake mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita ilitakiwa kutoa Sh. 30,000 kwa mwaka. Tena mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Lakini haki ina pande mbili. Mwanachama akifika zahanati na kadi yake, akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani, huyo amelipa mara mbili, na imani yake katika bima hufa. Wasimamizi wa mifuko na wa ghala za dawa wajue ya kuwa mchango wa maskini ni amana, na amana itaulizwa. Nasi wanachama tusiazimane kadi, kwani huo ni wizi. Wala tusingoje kuugua ndipo tujiandikishe, kwani mfuko unaochangiwa na wagonjwa peke yao hauwezi kudumu.

Enyi wazazi, Yosefu mwana wa Yakobo aliweka akiba ya nafaka katika miaka ya shibe, na njaa ilipokuja watu wakaokoka. Kahawa ya msimu ujao ikilipwa, sehemu ya afya itengwe kwanza, kabla ya sherehe na mavazi. Na katika jumuiya zetu ndogondogo tuulizane: ni mjane gani, ni mzee gani asiyeweza kutoa? Huyo tumchangie sasa, angali mzima, kuliko kupitisha kapu la michango siku ya mazishi yake.