Milki, Ijara na Ariya

Swali la kitu gani hasa humilikiwa na mtu, na kwa haki gani, wanavyuoni wa sharia walilitazama kwa utulivu mwingi, hata wakaligawa katika milango ambayo mwanafunzi wa fiqhi wa pwani yetu, aliyesomeshwa madhehebu ya Imamu Shafi barazani mwa msikiti, huijua kwa moyo. Upo mlango wa bai, ambao kwawo kitu chenyewe hutoka katika milki ya muuzaji kikaingia katika milki ya mnunuzi, wala muuzaji hana ruhusa tena ya kukirudia. Upo mlango wa ijara, ambao kwawo hukabidhiwa manfaa tu ya kitu, kwa ujira uliotajwa na kwa muda uliojulikana. Na upo mlango wa ariya, ambao kwawo mtu humwazima mwenziwe chombo au mnyama bila ya malipo, na kwa kuwa hapana malipo, mwenye mali aweza kukitaka kilicho chake siku yoyote aipendayo. Milango hii mitatu imetutosha kwa mashamba ya minazi, kwa majahazi, kwa ng'ombe na kwa nyumba za mawe. Nataka kuuliza kama inatutosha kwa mchezo.

Nasema mchezo, na nakusudia ile michezo ya mitambo ambayo vijana huiita gemu na wazee wengi huihesabu kuwa upuzi. Uhalali wake si maudhui yangu leo. Autakaye mjadala huo na aanzie kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya yake alishauri kwamba mtoto atokapo chuoni aachwe acheze mchezo mwema, kwa kuwa kumzuia mchezo na kumlemeza kwa masomo daima huufisha moyo wake. Mimi nashika kwamba mchezo wa halali upo, kwamba mtu mzima mwenye kazi yake na swala zake aweza kuupenda, na kwamba fedha itolewayo kwa ajili yake ni fedha kama nyingine, yastahili kuulizwa imekwenda wapi na imerudi na nini.

Fikira hii ilitiwa mbele yangu na safari ya mpwa wangu, aliyehama Mombasa kwenda kufanya kazi Maskati, mji ambao aila yetu, kama aila nyingi za pwani, ina jamaa ndani yake tangu enzi za mababu. Mpwa wangu ni mhasibu kwa riziki na mwandishi wa gemu kwa mapenzi: usiku, akisha kumaliza shughuli zake, huketi akaandika namna mchezo fulani ulivyoundwa, mahali ulipomfurahisha na mahali ulipomchosha, wala halipwi hata senti kwa jasho hilo. Alipofunga mizigo nilimsaidia, nikaona kwamba mali yake ya michezo ilikuwa ya namna mbili.

Namna ya kwanza ilikuwa katika sanduku la bati. Mlikuwamo kaseti za plastiki ya kijivu, zilizochujuka karatasi zake za picha, na miongoni mwazo moja ya rangi ya dhahabu, The Legend of Zelda, toleo lililouzwa Marekani tangu 1987, ambalo marehemu baba yake, baharia wa meli za mizigo, alilinunua ughaibuni akaja nalo nyumbani. Ndani ya kaseti ile mna betri ndogo yenye umbo la sarafu, ambayo kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu ya mahali alipofikia mchezaji; betri hiyo huishi miaka mingi, lakini siku ifapo kumbukumbu zote hupotea pamoja nayo. Ilipokufa, mpwa wangu aliifungua kaseti kwa bisibisi, akaing'oa betri ya zamani, akachomelea nyingine kwa risasi, akafunga, na mchezo ukashika kumbukumbu tena. Safari za baba yake zilizokuwa zimehifadhiwa humo zilikwisha kupotea, na hilo lilimsikitisha sana; walakini hakuna mtu aliyezichukua. Zilikwisha kama vikwishavyo vitu vyote vya dunia, kwa fanaa iliyomo katika maumbile yao.

Namna ya pili haikuwa na uzito hata wa ratili moja. Zilikuwa gemu alizozinunua katika duka moja la intaneti kwa mshahara wake, miaka mingi, zikaandikwa katika akaunti yenye jina lake. Alipojiandikisha katika duka lile, Kenya haikuwamo katika orodha ya nchi zake, naye, kama wafanyavyo vijana wengi wa kwetu, akajaza kwamba yeye ni mkazi wa Uingereza; uongo ambao siutetei, ijapokuwa najiuliza mwenye duka alitarajia nini kwa watu ambao matangazo yake yaliwafikia na orodha yake ikawaacha nje. Maskati alinunua mtambo mpya, wa namna hii ya sasa isiyo na tundu la kutilia santuri, na kwa kuwa Omani imo katika orodha, alitaka kuirekebisha akaunti yake ipate kusema kweli. Akaambiwa kwamba nchi ya akaunti ikisha kuandikwa haibadilishwi. Akafungua akaunti nyingine, nayo ikafunguka tupu. Ile ya zamani iliendelea kumfungulia gemu zake, lakini duka lake likaikataa kadi ya benki ya Omani, na kati ya akaunti mbili hizo hapakuwa na njia ya kuhamisha chochote, ilhali mwenyewe ni mtu mmoja. Sanduku la bati lilipita forodhani bila ya neno. Kilichorithiwa kilivuka bahari pamoja na mrithi. Kilichonunuliwa na yeye mwenyewe kilibaki katika nchi ambayo hajapata kuishi.

Kisa chake ni chepesi mbele ya vingine. Kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft iliuza tangu Desemba 2014 mchezo wa magari uitwao The Crew, ambao haukuchezeka pasipo kuunganishwa na seva za kampuni, hata kwa mtu anayecheza peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 seva zilizimwa, na tangu siku hiyo aliyenunua kwa santuri na aliyenunua kwa intaneti wakawa sawa, hapana mwenye kitu. Nintendo ya Japani, mwezi wa Machi 2023, ilikomesha mauzo katika maduka ya intaneti ya mitambo yake miwili ya zamani, na michezo iliyouzwa humo peke yake haikuweza kununuliwa tena popote. Kampuni hiyo hiyo ilipotoa mtambo wake mpya, Switch 2, tarehe 5 Juni 2025, baadhi ya michezo yake iliuzwa katika kadi ambazo ndani yake hamna mchezo: mna ufunguo tu, na mchezo wenyewe hauna budi kuteremshwa kwa intaneti. Na mkataba wa Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta lililoanza mwaka 2003, unakataza mtu kumhamishia mwingine akaunti yake. Hawezi kuiuza, hawezi kuwapa hiba watoto wake, na akifa hairithiwi.

Sasa na turudi kwenye milango yetu. Je, mapatano haya ni bai? Hapana, kwa sababu kitu hakikutoka katika milki ya muuzaji. Aweza kukifunga, kukibadilisha au kukiondoa, na mnunuzi hana la kufanya. Ni ijara? Ijara hutaka muda uliojulikana, na hapa hapana aliyetaja muda: The Crew ilidumu miaka tisa na miezi michache, mwingine waweza kudumu ishirini, mwingine miwili, na anayejua, kama yupo anayejua, hasemi. Ni ariya? Uwezo wa mwenye mali wa kukirudia chake siku aitakayo ni uwezo wa ariya kabisa, lakini ariya haina malipo, na hapa malipo yamechukuliwa kamili, tena mapema. Basi tunaona mkataba uliotwaa bei kutoka mlango wa kwanza, manfaa kutoka mlango wa pili, na mamlaka ya kunyang'anya kutoka mlango wa tatu, na katika kila mlango ukatwaa kile tu kinachomfaa muuzaji. Wanavyuoni walikataza bai ya gharari, yaani mauzo yenye kificho ambayo mnunuzi hajui atapata nini, na mifano yao mashuhuri ni samaki aliye majini bado na ndege aliye angani. Samaki yule angalau akisha kuvuliwa huliwa.

Wapo watakaonijibu kwa sauti ya upole kwamba mbona dini yenyewe hutufundisha kuwa hatumiliki kitu. Kwamba mali, mwili na umri ni amana, Mwenyezi Mungu ndiye Mmiliki, nasi ni wenye kutumia hadi ajali yetu. Kwa hiyo teknolojia hii mpya imetukumbusha tu lililokuwa kweli tangu azali, na mwenye kulia kwa sababu ya gemu ajitibu moyo wake na mapenzi ya dunia. Jawabu hili nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu, na sehemu yake ya kwanza naikubali bila ya shaka. Sehemu ya pili siikubali. Aliyetukabidhi amana hakutuhadaa: alituambia mapema kwamba tutaondoka, hakudai kutuuzia umri, wala hakututoza bei ya milki kwa kitu cha kuazima. Mfanya biashara anayejificha nyuma ya waadhi wa zuhudi ili asiulizwe juu ya mkataba wake anaitumia dini vibaya kuliko kijana anayecheza gemu hadi usiku wa manane. Na kama mtu ataniambia kwamba pwani nzima ilicheza kwa kaseti za kunakiliwa bila ya idhini ya waliozitunga, basi leo tusiseme habari ya haki, nitamwambia kwamba dhuluma yetu ni deni letu, na haimhalalishii mwingine ya kwake.

Lipo jambo jingine ambalo fiqhi ya mashamba na majahazi haikulazimika kulifikiria. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Ubao ukivunjika au ukiliwa na mchwa, wachezaji huchimba mashimo chini ya mwembe, wakaokota komwe, na mchezo ukaendelea, kwa sababu kanuni za kunamua na kutakata zimo vichwani mwao, na si za mtu yeyote. Mwenye duka la mbao za bao huuza mbao tu. Mchezo hakupata kuwa nao. Katika gemu za seva, kanuni zenyewe ndizo zilizofungiwa ndani ya nyumba ya muuzaji, na anapoizima seva ni kana kwamba mtu ameingia barazani jioni akawapokonya wazee ilimu ya kutakata, wakabaki wanazitazama kete bila ya kujua zinafanyiwa nini. Ndiyo sababu naona kwamba kuufunga mchezo hivyo, baada ya kuuuza, ni dhuluma kubwa kuliko kuchukua chombo: hupotea kazi ya mafundi walioutunga, na hupotea kile ambacho watu waandikao kwa mapenzi, kama mpwa wangu, wangekionyesha kwa watakaokuja.

Wengine wamekwisha kuanza kusema. Jimbo la California limeweka sheria, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumwambia mtu kwamba ananunua, pasipo kumweleza wazi kwamba anachopata ni idhini ya kutumia. Huko Ulaya, harakati ya Stop Killing Games, iliyoanza baada ya kuzimwa kwa The Crew, ilikusanya saini zilizovuka milioni moja mwezi wa Julai 2025, ikitaka mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka muuzaji atakapouacha.

Kwetu sisi, shauri hili litafika kwanza kwa kadhi. Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa makadhi hukumu za mirathi baina ya Waislamu, na Unguja nako wana mahakama zao. Na kizazi kinachoweka mali yake ndani ya akaunti kimekwisha kuwa na wake, watoto na nywele nyeupe. Siku moja wataletwa mbele ya kadhi warithi wa mtu aliyeacha gemu, vitabu na muziki wa fedha nyingi, vyote vimelipiwa, na kadhi atatakiwa aseme kama katika tarika mna kitu cha kugawa. Nawaomba masheikh wetu, ambao wamekwisha kuandika juu ya benki na bima, waliandikie na hili sasa, kwa lugha ambayo mnunuzi ataielewa kabla hajatoa fedha yake, na waseme wazi kama mkataba huu, kwa sura ulivyo leo, unasihi au haufai.